Subira na Haraka Katika Malezi

Methali za Kiswahili hugombana. Inayosema haraka haraka haina baraka hukaa kijiji kimoja na inayosema ngoja ngoja huumiza matumbo, na kila moja ina mashahidi wake. Subira, kwa kauli ya wahenga, yavuta heri; lakini wahenga hao hao walionya kuwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Msomi aliyeketi na kitabu aweza kuzitazama methali hizi kama vitanga viwili vya mizani moja, akapendezwa na usawa wake. Mzazi aliyempakata mtoto mgonjwa saa nane ya usiku hana nafasi ya kupendezwa. Yeye hutakiwa achague moja, na achague sasa, na akikosea mwenye kulipa ni mtoto.

Malezi ni mti wenye matawi mengi: chakula, usafi, adabu, elimu, dini na mapenzi. Walakini matawi hayo yakifuatwa mpaka chini, shina lake huonekana kuwa ni kujua lipi lingojwe na lipi lisingojwe. Mtoto huwajia wazazi wake na taabu nyingi. Zilizo nyingi huja na kupita kama mvua za vuli. Chache huja kuchukua. Shida ni kuwa zote mbili, zinapobisha hodi, hubisha kwa sauti moja. Homa ya mafua na homa ya malaria huanza kwa paji la uso lenye joto. Kilio cha njaa na kilio cha maumivu hutoka katika kinywa kimoja. Hata kimya cha kijana anayewaza na kimya cha kijana anayezama hufanana kwa mtu aliye nje ya mlango.

Habari ya mama mmoja wa Ngamiani, katika mji wa Tanga, yatosha kuwa mfano. Alijifungua mtoto wake wa kwanza, binti, mwaka 2009. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na siku zake nyingi zilikuwa njiani. Kwa hiyo mama mkwe alikuja kumwuguza katika arobaini, kama ilivyo desturi, akakaa moja kwa moja. Bibi huyo alizaa watoto saba akabakiwa na sita. Juu ya wale sita alisema mengi. Juu ya yule mmoja hakusema neno, na hapana aliyemwuliza.

Wanawake wawili hawa walipendana, lakini walitoka shule mbili. Bibi alifundishwa na mama yake na mazishi. Mama alifundishwa na wauguzi wa kliniki na kadi aliyopewa huko. Kitovu cha mtoto kilikuwa jambo la kwanza la kushindania. Bibi alitaka kukipaka mafuta na majivu kikauke upesi; mkunga alikwisha agiza kiachwe kikavu na safi, kisitiwe kitu. Mama alishika agizo la mkunga, na kitovu kikaanguka siku ya nane bila usaha. Bibi alitazama akanyamaza. Hakuwa mtu wa kukiri upesi, wala hakuwa mtu wa kukana alichokiona.

Shindano la pili lilikuwa la kilio, na humo bibi alishinda. Tangu wiki ya tatu mtoto alianza kulia kila jioni, uso mwekundu, magoti yamekunjwa tumboni, na hapana titi wala wimbo uliomnyamazisha. Mama alimpeleka hospitali mara mbili katika wiki moja. Mara zote mbili daktari alimpima, akamkuta mzima, akamrudisha nyumbani. Bibi aliliita jambo hilo chango, akasema, "Ngoja, mwanangu. Mtoto anayenyonya hivi na kunenepa hivi hana ugonjwa. Mshike tu." Waganga wa kisasa hawana la kuongeza kubwa. Mwaka 1954 daktari Morris Wessel wa Marekani alikieleza kilio hiki kwa hesabu ya tatu: zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu, katika mtoto mwenye afya. Hufikia kilele chake yapata wiki ya sita na aghalabu hukoma mwezi wa tatu au wa nne. Chanzo chake kimetafutwa sana, na msaada unaobaki nyumbani ni ule wa bibi: mikono ya kumbeba mtoto na miguu ya kutembea naye ukumbini. Lililo muhimu ni kuwa mikono hiyo ibadilishane, kwa kuwa mtu mmoja aliyechoka kupita kiasi aweza kumtikisa mtoto kwa hasira ya nukta moja, na ubongo wa mtoto mchanga hauvumilii mtikiso huo. Mkono mmoja haulei mwana. Methali hii ni agizo la utabibu pia.

Lakini subira hiyo ina mpaka, na mpaka wake mama aliusoma katika kadi mpaka akaujua kwa moyo. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya hangojwi. Anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia hangojwi, wala yule ambaye kifua chake hubonyea ndani anapovuta pumzi. Mwenye mwili wa moto katika miezi mitatu ya kwanza hangojwi, na aliyepoa isivyo kawaida vile vile, kwa maana maradhi makali ya watoto wachanga mara nyingine huja kwa baridi badala ya joto. Aliyegeuka manjano mpaka viganja na nyayo, aliyelegea, aliyeshikwa na mtukutiko, hao wote safari yao ni moja, na ni ya saa ile ile.

Shindano la tatu lilikuwa la uji. Mtoto alipotimiza miezi mitatu bibi alisema maziwa matupu hayamtoshi. Wauguzi walisema maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, mpaka miezi sita. Mama alifuata wauguzi. Walakini haki yataka isemwe kuwa bibi hakuwa mjinga hapo. Wataalamu wenyewe kwa miaka mingi walihesabu miezi minne hadi sita, na ilikuwa mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipokata shauri la miezi sita. Elimu nayo hukua kama mtoto, na mtu aliyejifunza jana hana hatia ya kutojua la leo, maadamu yuko tayari kuambiwa.

Basi mtoto alikua. Akakaa, akatambaa, akasimama dede. Alipata chanjo zake zote. Bibi alimwita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, akamgombania mume aliyekwisha kufa zamani. Nyumba ilikuwa na raha.

Usiku mmoja wa masika ya mwaka 2011 raha hiyo ilikatika. Mtoto, mwenye umri wa miaka miwili, alikuwa na homa tangu adhuhuri. Chandarua chake, kilichonunuliwa kwa Hati Punguzo ya kliniki wakati mama alipokuwa na mimba, kilikuwa kimetoboka pembeni na hakikushonwa. Jioni mama alitaka kwenda hospitali. Bibi alisema, "Tungoje kuche." Mama alikubali. Alikubali si kwa uvivu, bali kwa kuwa bibi alisema ngoja wakati wa kilio na ngoja ile ilikuwa ya haki. Hivi ndivyo subira idanganyavyo: iliyofaa jana huomba iaminiwe leo, ilhali jambo si lile.

Saa nane ya usiku mwili wa mtoto ulikakamaa. Macho yaligeuka juu, mikono na miguu ikapigapiga, povu likatoka kinywani. Mama alipiga ukelele na majirani wakajaa chumbani. Neno moja likapita kinywa hata kinywa: degedege. Katika pwani yote neno hilo lina uzito wa pekee. Jina lake lakaribia jina la ndege, na kwa vizazi vingi watu waliamini kuwa mtoto wa namna hiyo amepitiwa na pepo ajaye kwa sura ya ndege usiku. Kwa imani hiyo tiba yake ni fukizo na mganga, na sindano ni marufuku, kwa kuwa mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Mwanamke mmoja akasema hayo hayo. Mwingine akaja na kijiko cha kumtia mtoto menoni. Mama alisimama katikati yao, na maneno yote yalikuwa ya watu wanaompenda.

Bibi ndiye aliyefungua pindo la kanga yake akatoa fedha. Alimtuma kijana wa nyumba ya pili alete bajaji. Jirani alipomkumbusha habari ya sindano, alijibu, "Mimi niliyesema tungoje ndimi nisemaye twende." Akamshika mjukuu wake, akamlaza ubavu, akakitupa kijiko, wakatoka.

Imani ya majirani haikuzuka bure. Watu waliwaona watoto wenye degedege wakipelekwa hospitali, wakachomwa sindano, wakafa. Walichokiona kilikuwa kweli. Mfuatano waliouona ndio uliowapoteza. Watoto hao walifikishwa baada ya fukizo la kwanza na la pili na la tatu kushindwa, damu yao imekwisha na sukari ya mwili imekauka, na sindano ikawakuta mlangoni mwa kaburi. Kuchelewa kuliua, sindano ikashitakiwa. Mtukutiko wa homa wenyewe mara nyingi si wa kuua. Hata katika nchi za Ulaya na Marekani, zisizo na malaria, watoto 2 hadi 5 katika kila 100 huupata kabla ya kutimiza miaka mitano, na wengi wao hawaupati tena wala hawadhuriki. Lakini katika nchi ya malaria mtu hawezi kuutazama mtukutiko kwa macho akajua kama ni homa tu au ni malaria iliyopanda kichwani, au ni uti wa mgongo. Kinachoweza kujua ni kipimo. Kazi ya nyumba ni kumlaza mtoto ubavu, kumwondolea vitu vya kumwumiza, kutomtia kitu chochote kinywani, na kwenda.

Damu ya mtoto ilipimwa ikaonekana ina malaria, tena kali. Alichomwa sindano. Mwaka uliotangulia, 2010, yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vituo 11 vya nchi 9 za Afrika, miongoni mwao Tanzania, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliochomwa artesuneti walikufa wachache kuliko waliopewa kwinini, kwa tofauti iliyozidi moja ya tano. Katika hospitali ile usiku ule mtoto alipewa ipi kati ya mbili hizo, mama hakuuliza. Aliangalia kifua cha mtoto kikipanda na kushuka. Siku ya tatu mtoto aliomba andazi.

Siku hiyo, kando ya kitanda cha hospitali, bibi alimtaja mtoto wake wa saba. Alikuwa mwanamume, wa mwaka mmoja na nusu, na alikufa mwaka 1974 kwa kuhara. Alihara siku tatu. Wazee walisema asipewe maji, kwa kuwa maji huongeza kuhara, nao walisema kwa nia njema. Mtoto aliomba maji siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu hakuomba. "Nikadhani ametulia," alisema bibi. Kisha alifunga tena pindo la kanga yake, na mkwewe hakuthubutu kusema lolote.

Jambo hilo lina uchungu unaozidi alioujua bibi mwenyewe. Mwaka 1968, katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh, madaktari vijana David Nalin na Richard Cash walithibitisha kuwa mgonjwa wa kipindupindu aweza kurudishiwa maji ya mwili kwa kunywa, si kwa mshipa tu, maadamu maji hayo yana chumvi na sukari kwa kadiri yake. Sukari huivuta chumvi kupita katika utumbo, na chumvi huyavuta maji. Mwaka 1971, wakati wa vita vya nchi hiyo, wakimbizi walipojaa kambini Bongaon mpakani mwa India na maji ya mishipa yakawa haba, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa jamaa wa wagonjwa mchanganyiko huo wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa yapata 30 katika kila 100 vikashuka chini ya 4. Baadaye, kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba nchini Bangladesh wakafundisha kuuchanganya katika nyumba zaidi ya milioni 12. Kadiri yake ya nyumbani ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya mfuto vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Na siku hizi huongezwa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mwaka 1974, katika nyumba ya bibi, sukari ilikuwamo, chumvi ilikuwamo, na maji yalikuwamo mtungini. Lililokosekana ni habari.

Kwa sababu hiyo mtu asiwacheke wazee. Wao hawakupungukiwa na mapenzi wala akili. Mwaka 1999, katika Tanzania, watoto 147 katika kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika hesabu ya 2022 walikuwa 43. Mapenzi ya wazazi hayakuongezeka katika miaka hiyo 23. Kilichoongezeka ni vyandarua, chanjo, dawa, vipimo, na habari zilizofika mlangoni. Mwaka 2024 ilikadiriwa kuwa chanjo peke yake, tangu Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa kuwachanja watoto wote mwaka 1974, zimeokoa maisha ya watu milioni 154, na sehemu iliyo kubwa ni kwa kuzuia surua. Mwaka ulioanza hesabu hiyo ndio mwaka aliozikwa mtoto wa bibi.

Ajabu ya mwanadamu ni kwamba akiumwa na nyoka huogopa hata ung'ongo. Baada ya usiku ule mama alitoka katika kosa la kungoja akaingia katika kosa la kukimbia. Kwa miaka saba au minane hapana kikohozi kilichopita nyumbani kwake bila dawa. Binti alipopata homa akapimwa na kipimo kikaonyesha hana malaria, mama alitaka dawa ya malaria vile vile. Muuguzi alipomwambia kuwa mafua hayaponywi kwa dawa ya kuua bakteria, alikwenda kuinunua dukani. Alifikiri anaongeza usalama. Kumbe alikuwa akiupunguza. Dawa za namna hiyo zikitumiwa ovyo huwafundisha vijidudu kuzishinda, na siku ya haja hazifai. Kadhalika homa isiyo ya malaria ikitibiwa kama malaria, ugonjwa wa kweli hupewa muda wa kujificha. Ndiyo maana tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila mtu apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria. Haraka isiyopima ni kipofu kama subira isiyotazama.

Mara moja haraka hiyo ilikaribia kuleta hasara. Binti alikohoa wiki mbili mfululizo, na mtu mmoja akashauri akatwe kimeo, kama walivyokatwa watoto wengi wa mtaa. Mama, kwa hamu ya kufanya jambo, alikwisha kubali. Bibi alikataa. Alimwambia kuwa yeye aliona watoto waliokatwa kimeo wakatoka damu isiyozuilika, na kwamba kikohozi kina siku zake. Hapa tena utabibu ulikuwa upande wa bibi. Kikohozi cha mafua chaweza kukaa wiki mbili au tatu kikaondoka chenyewe. Kikizidi hapo, au kikiambatana na kukonda na jasho la usiku, mtoto apimwe kifua kikuu. Kimeo hakina kosa katika habari hiyo. Vivyo hivyo ufizi wa mtoto mchanga hauna kosa, ingawa tangu miaka ya 1980 wengi wametobolewa ufizi kwa kusingiziwa meno ya plastiki, ilhali walichokuwa nacho ni homa au kuhara, na kilichong'olewa ni chipukizi za meno yao ya haki.

Bibi alifariki mwaka 2022, na nyumba ikabaki na mshauri mmoja pungufu. Mwaka uliofuata binti, akiwa na miaka 14, alipata chanjo ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchini kote mwaka 2018. Mama alipoitazama ile kadi alihisi kama msafiri aliyevuka mto wa mwisho. Utoto ulikwisha, na maradhi ya utoto yamekwisha. Aliyesalia sasa ni mwanamwali mzima, mrefu kuliko mama yake.

Lakini mto wa mwisho ulikuwa mbele. Mwaka 2024 binti alianza kunyamaza. Aliacha kula pamoja na wenzake, akasema ameshiba. Usiku taa ya simu yake ilionekana chini ya mlango, na asubuhi macho yake yalikuwa mazito. Rafiki zake walikuja mara mbili wakaambiwa kuwa amelala, kisha hawakuja tena. Mama aliyaona yote hayo. Hakuwa na joto la kulipima, wala pumzi ya kuihesabu, wala kadi iliyoandika kuwa kimya cha siku ngapi hakingojwi. Alisema moyoni, ni ujana, utapita. Na ni kweli kuwa ujana una hasira zake na kimya chake, na kwamba kijana anayefunga mlango mara nyingine hutaka mlango tu. Akangoja wiki moja, na ya pili, na ya tano.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa mmoja katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19 ana maradhi ya akili ya namna fulani, na sonona na wasiwasi ni miongoni mwa yaliyo mbele. Dalili zake za kutengana na kimya cha kawaida si ngumu kuzieleza: huzuni au kutojali kunakodumu zaidi ya wiki mbili, usingizi na chakula kuharibika, kuyaacha mambo yaliyopendwa, na maneno ya kujiona mzigo. Ni rahisi kuzieleza. Ugumu ni kuzikubali katika mtoto wa mtu mwenyewe, kwa kuwa kila mzazi anayeziona huona ndani yake mashitaka.

Katika fasihi ya pwani yuko mama mmoja ambaye hakungoja. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa alipotunga utenzi wake mwaka 1858, na alifariki baada ya muda usio mrefu. Alimtaka binti yake aje aketi karibu, na wino na karatasi, amwambie yaliyokuwa moyoni. Mengi katika mashauri yake, hasa juu ya mke na mume, yamejadiliwa na yatajadiliwa. Lakini tendo lenyewe, kabla ya mashauri, ni la mama anayejua kuwa siku zimepungua na kwamba kati yake na mwanawe yako maneno ambayo hayawezi kungoja. Aliliita penzi lake kwa sauti, na halikubaki dhana.

Mama wa Ngamiani alikwisha kuusoma utenzi huo shuleni na kuusahau. Kilichomwinua hakikuwa kitabu. Usiku mmoja alipita mbele ya mlango wa binti yake akasikia kimya, na katika kimya kile akasikia sauti ya marehemu bibi: siku ya tatu hakuomba, nikadhani ametulia. Akaingia bila kubisha. Aliketi kitandani, akamwuliza neno ambalo wazazi wengi huliogopa wakidhani kulitaja ni kulipanda: je, umepata kufikiri kufa? Wajuzi wa jambo hili wamekwisha ona kuwa swali hilo halipandi kitu. Aghalabu humpa mwenye mzigo mahali pa kuutua. Binti hakujibu. Aligeukia ukuta. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akasema, "Mama, nimechoka," na akalia kilio ambacho mama hakukisikia tangu alipokuwa mtoto wa wiki sita.

Hapo haraka ilikwisha kufanya kazi yake, na subira ikaanza yake. Mama hakuhutubu, hakulaumu simu, hakuuliza ni nani wala kwa nini. Alimshika, kama alivyofundishwa ukumbini miaka 15 iliyopita, mpaka kukacha. Asubuhi walikwenda pamoja kwa muuguzi wa maradhi ya akili, na baba, aliporudi safari, alikwenda nao mara ya pili. Dawa na vidonge vya nyumbani vikafungiwa kabatini. Mambo hayakugeuka kwa siku moja. Zilikuwapo wiki njema na wiki za kurudi nyuma, na hata sasa mama hawezi kuapa kuwa yamekwisha. Lakini mlango haufungwi tena kwa ufunguo, na binti hula na wenzake.

Basi ugomvi wa methali haukupata mwamuzi katika nyumba ile, wala hautapata katika nyumba nyingine. Wahenga hawakuacha methali ya tatu ya kusema ipi kati ya mbili hizo itumike lini. Waliiacha kazi hiyo kwa macho ya mzazi. Kumtazama mtoto kila siku, katika uzima wake, ndiko kunakompa mtu kipimo cha kuijua siku aliyobadilika. Anayemjua mwanawe akiwa mzima huweza kungoja bila kulala na kukimbia bila kupotea.

Mama bado huamka saa nane ya usiku, ingawa hapana anayemwamsha. Hupita mbele ya mlango ule ulioegeshwa, husimama kidogo akasikiliza pumzi ikipanda na kushuka, kisha hurudi kulala.